Ruzuku za uhifadhi wa mazingira: namna ya kuzitafuta, kuziomba na kuzitunza

Maswali ya mashirika machanga ya uhifadhi ni yaleyale. Wafadhili wako wapi? Tuombe kiasi gani? Kwa nini tumeomba mara nne na hata jibu hatujapata? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umelengwa kwa shirika dogo lisilo la kiserikali, au kikundi cha jamii, linalolinda msitu, mikoko, chanzo cha maji au spishi fulani kwa watu wachache na akaunti moja ya benki.

Kuna jambo moja la kulijua mapema. Mchambuzi wa maombi ana rundo mbele yake na orodha ya masharti mkononi, na kazi yake ya kwanza ni kupunguza rundo. Andiko lako likimpa sababu ya kuliweka kando, ataliweka, hata kama kazi yenu uwanjani ni njema kabisa. Hatua nyingi hapa chini ni za kuziondoa sababu hizo moja baada ya nyingine.

Viandae hivi kabla ya kuandika hata mstari mmoja

- Hati ya usajili iliyo hai. Kama inahuishwa kila mwaka, weka na risiti ya mwaka huu.
- Katiba ya shirika. Hakikisha ina kifungu kinachosema kwamba shirika likivunjwa, mali zake zitakwenda kwa shirika jingine lenye malengo ya hisani na hazitagawanywa kwa wanachama. Wafadhili wa Marekani hukitafuta kifungu hiki kwa jina, na kukiongeza baada ya kuombwa huchukua miezi kwa sababu mkutano mkuu lazima ukae.
- Orodha ya wajumbe wa bodi, pamoja na mihutasari ya vikao viwili au vitatu vya karibuni iliyotiwa saini.
- Akaunti ya benki kwa jina la shirika, yenye watia saini wawili au zaidi. Akaunti ya mwenyekiti haikubaliki, hata kama yeye ndiye mwanzilishi.
- Taarifa za fedha za miaka miwili. Zilizokaguliwa ni bora. Kama hamjawahi kukaguliwa, andaeni taarifa ya mapato na matumizi iliyopitishwa na bodi, na muwatafute wafadhili wasiodai ukaguzi.
- Sera fupi ya fedha na manunuzi, sera ya kuwalinda watoto na watu walio hatarini, na sera ya migongano ya maslahi. Kurasa mbili mbili zinatosha, mradi ziwe zinafuatwa kweli.
- Takwimu za eneo lenu: ramani, ukubwa kwa hekta, spishi zilizopo, na hali ya uharibifu kwa picha zenye tarehe.
- Barua ya ridhaa ya jamii, na kibali cha mamlaka inayosimamia eneo hilo.

Usianze kuandika ukisema nyaraka zitafuata. Matangazo mengi hukaa wazi wiki sita hadi nane, na wiki hizo zikiishia kwenye kufukuzia saini, andiko litaandikwa usiku mmoja.

Hatua ya 1: Chagua mfuko unaofanana na kazi yenu

Mifuko haifanani, na kosa kubwa la wanaoanza ni kutuma andiko moja kwa wafadhili kumi. Ijue tabia ya kila mmoja.

GEF Small Grants Programme, programu ya ruzuku ndogo ya Global Environment Facility (GEF), mfuko wa kimataifa wa mazingira, ndiyo mlango wa kwanza kwa vikundi vingi vya jamii. Ilianza mwaka 1992, imetekelezwa tangu mwanzo na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na hutoa ruzuku moja kwa moja kwa asasi za kiraia na vikundi vya kijamii. Kila nchi inayoshiriki ina mratibu wake wa kitaifa na kamati ya kuchuja maombi ambayo wajumbe wake wengi hawatoki serikalini. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha kawaida kilikuwa dola 50,000. Kiwango cha awamu ya sasa kimeandikwa kwenye tangazo la nchi yako. Anza kwa kuzungumza na mratibu. Lugha za nchi hukubalika sehemu nyingi, na zipo nchi zilizopokea hata maombi ya video.

Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund hutazama spishi. Ruzuku yake haizidi dola 25,000, na mtu binafsi anaweza kuomba. Ukiuandikia mfuko huu kuhusu elimu ya mazingira kwa ujumla, hutafika mbali. Taja spishi kwa jina la kisayansi, kundi lake la hatari katika Orodha Nyekundu ya IUCN (orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini kutoweka), na nini hasa kitabadilika kwake.

Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo kwa kazi za uwanjani katika nchi zinazoendelea. Huenda kwa ngazi: ruzuku ya kwanza ikisimamiwa vizuri hufungua ya pili, na kuendelea. Hudai watu watatu wa kutoa ushahidi kuhusu kazi yako. Wape taarifa wiki tatu kabla, kwa maana ombi zuri linaweza kukwama kwa sababu mmoja wao yuko safarini na hajibu barua pepe.

Critical Ecosystem Partnership Fund, iliyoanza mwaka 2000, hufadhili asasi za kiraia katika kanda zenye bioanuwai (aina mbalimbali za viumbe) nyingi iliyo hatarini, lakini pale tu ambapo imefungua uwekezaji kwa kipindi maalumu. Kila kanda ina waraka unaotaja maeneo na mielekeo itakayofadhiliwa. Eneo lako lisipokuwa kwenye waraka huo, okoa muda wako. Likiwemo, utaje kwa jina mwelekeo unaoutumikia.

Darwin Initiative ya serikali ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1992, huunganisha bioanuwai na kupunguza umaskini. Andiko lenye ndege na miti peke yake, bila watu, halijibu swali lake. Fedha zake kubwa huhitaji uzoefu wa usimamizi, kwa hiyo shirika dogo hufanya vizuri kuanza kama mshirika wa shirika lililokwisha kuzoea.

Global Greengrants Fund haipokei maombi yasiyoitwa. Hutumia mtandao wa washauri wanaopendekeza vikundi. Hapa njia ni kujulikana: fanya kazi yako hadharani, shiriki mitandao ya uhifadhi, na washauri watakuona. Kuwatumia andiko lisiloombwa ni kupoteza karatasi.

Utasikia pia kuhusu Global Biodiversity Framework Fund, iliyozinduliwa mwaka 2023 kufuatia makubaliano ya kimataifa ya Kunming-Montreal ya kulinda bioanuwai, ya Desemba 2022. Fedha zake hupitia mashirika wakala ya GEF, hivyo kikundi kidogo huingia kwa kushirikiana na wakala wala hakiombi chenyewe.

Ukitaka fedha za serikali ya Marekani, shirika huhitaji namba ya utambulisho ya UEI kupitia tovuti ya SAM.gov. Usajili huo ni bure na huhuishwa kila mwaka. Anayekutoza kwa ajili yake anakuuzia kitu kisichouzwa. Na kwa mfuko wowote ule, barua inayokuambia umeshinda ruzuku usiyoiomba, kisha ikataka "ada ya kufungulia faili", ni utapeli. Usiijibu.

Hatua ya 2: Pima sifa zako kwa jedwali

Soma tangazo lote mara mbili. Mara ya pili chora jedwali la safu tatu: sharti, tunalitimiza au hatulitimizi, ushahidi uko wapi. Weka kila sharti: umri wa shirika, nchi, ukubwa wa mapato, muda wa mradi, gharama zisizokubalika, mchango unaotakiwa, lugha.

Sharti moja la lazima likiwa halitimizwi, acha. Usitumaini kwamba watakuonea huruma. Kama sharti lina utata, muulize mfadhili kwa barua pepe fupi yenye swali moja na ulitume mapema. Wengi hufunga dirisha la maswali wiki moja au mbili kabla ya mwisho.

Pima na kiasi. Ruzuku inayozidi mapato yenu yote ya mwaka jana humfanya mfadhili aulize kama mnaweza kuibeba. Ni afadhali kuomba kidogo, kukitumia vizuri na kurudi na ripoti safi.

Hatua ya 3: Andika badiliko moja linalopimika

Hapa ndipo maandiko mengi ya wanaojua kazi yao huanguka, kwa sababu huorodhesha shughuli bila kusema nini kitabadilika. Chukua mfano wa mikoko.

Andiko dhaifu husema: "Jamii itapanda miche 50,000 ya mikoko." Mchambuzi anayeijua pwani atauliza mara moja: mikoko iliyokuwepo ilikufa kwa nini? Kama mkondo wa maji ulizibwa na barabara au bwawa la chumvi, miche mipya itakufa kwa sababu ileile. Atauliza pia mtapanda wapi. Miche ikipandwa kwenye tope tupu linalofunikwa na maji sehemu kubwa ya siku hufa, na mkoko wenyewe (Rhizophora) ukipandwa mahali pa mchu (Avicennia), aina nyingine ya miti ya mikoko, hautastawi. Idadi kubwa ya miche inapendeza kwenye picha za siku ya kupanda, lakini kwa msomaji makini huwa ni onyo.

Andiko lenye nguvu husema hivi:

"Kufikia mwezi wa 24, hekta 12 za mikoko zilizokauka baada ya mkondo kuzibwa ziwe zimeanza kuota upya, kwa kufungua mkondo katika sehemu 3 na kupanda pale tu ambapo mbegu hazifiki zenyewe."

Sentensi hiyo ina kiasi, mahali, muda, chanzo cha tatizo na njia. Kiashiria chake ni idadi ya miche hai katika vipande 15 vya mita 10 kwa 10, vikihesabiwa mwezi wa 1, wa 12 na wa 24, na kulinganishwa na sehemu ya jirani yenye mikoko mizima. Hesabu ya mwezi wa kwanza ndiyo hali ya mwanzo. Usipoichukua, mwishoni hutaweza kuthibitisha chochote, hata kama msitu umerudi.

Viashiria vitatu au vinne vinatosha. Kila kiashiria ni ahadi ya kupima, na kupima kunagharimu. "Uelewa wa jamii utaongezeka" si kiashiria mpaka useme unapimwaje, kwa nani na lini.

Hatua ya 4: Pata ridhaa ya jamii mapema

Wafadhili wengi wa uhifadhi hudai ushahidi kwamba wenye eneo waliambiwa kila kitu kabla ya mradi, kwa lugha yao, na walikuwa huru kukataa. Weka muhtasari wa mkutano wenye tarehe, mahudhurio ya wanawake na wanaume, maswali yaliyoulizwa na majibu. Pingamizi liandikwe pia. Muhtasari ambao kila mtu anakubali kila kitu hauaminiki.

Kama mradi utamzuia mtu kukata kuni, kuvua au kulisha mifugo mahali alipozoea, sema wazi ataishije. Mfadhili makini atauliza, na hata asipouliza, mtu huyo anastahili jibu.

Hatua ya 5: Jenga bajeti kutoka kwenye shughuli

Usianze na kiasi cha juu cha mfuko ukakigawanya. Anza na shughuli na uhesabu kwenda juu. Tuendelee na mikoko ileile.

Kupima vipande 15: timu ya watu 4 inaweza kumaliza vipande 5 kwa siku, hivyo siku 3 kwa kila duru. Duru 3 ni siku 9, na siku 9 kwa watu 4 ni posho 36. Mashua inakodiwa siku 9. Zidisha kwa bei halisi za mahali penu na uwe na ankara kifani, yaani makadirio ya bei kutoka kwa muuzaji. Mchambuzi akiona posho 36 kwenye bajeti na duru 3 kwenye mpango kazi, anajua andiko na bajeti viliandikwa na watu wanaoshauriana. Akiona posho 60, ataanza kutilia shaka kila mstari mwingine.

Kila mstari uwe na kipimo, idadi, bei ya kipimo na jumla. "Vifaa mbalimbali" na "dharura" ni mistari inayokatwa kwanza.

Mishahara hukosewa kuliko kitu kingine chochote. Kama mratibu anatumia nusu ya muda wake kwenye mradi, omba nusu ya mshahara. Kisha jumlisha asilimia zake kwenye ruzuku zote mlizonazo. Wafadhili watatu wakilipa kila mmoja nusu, mtu huyo ana asilimia 150 za muda, na mkaguzi ataliita hilo malipo ya mara mbili. Jaza karatasi za muda kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza.

Omba gharama za uendeshaji: pango, umeme, uhasibu, ukaguzi. Mashirika madogo huziacha kwa woga, kisha mhasibu anafanya kazi bila malipo na ripoti zinachelewa. Soma ukomo wa kila mfadhili. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hukubali hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Serikali ya Marekani ilipandisha kiwango chake cha msingi cha gharama hizi, kwa mashirika yasiyo na kiwango walichokubaliana nayo kwa majadiliano, kutoka asilimia 10 hadi 15 mnamo Oktoba 2024. Kuna mifuko midogo isiyolipa gharama hizi kabisa. Huko, ziandike kama mchango wenu.

Mchango wa shirika unaweza kuwa fedha au nguvu kazi, ofisi, mashua, ardhi ya kitalu. Uupe thamani kwa hesabu inayoonekana: saa ngapi, watu wangapi, kiwango gani. Orodha zilizosainiwa ndizo zitakazouthibitisha baadaye.

Andika kiwango cha kubadilisha fedha ulichotumia na tarehe yake. Ongeza gharama za benki za kupokea fedha kutoka nje. Watu huzisahau kila mara.

Hatua ya 6: Tuma barua ya nia, kisha andiko kamili

Mifuko mingi huanza na barua ya nia ya kurasa mbili hivi. Aya ya kwanza ibebe tatizo, mahali, badiliko na kiasi. Historia ya shirika iwe sentensi mbili. Ukurasa wa kwanza ukielezea dunia ilivyo na ongezeko la joto, umemwambia mchambuzi anachokijua na umekosa nafasi ya kumwambia asichokijua, yaani eneo lenu.

Ukialikwa kuandika kamili, fuata vichwa vyao kwa mpangilio wao na maneno yao. Fomu za mtandaoni hukata herufi zinazozidi, mara nyingi zikihesabu na nafasi tupu, kwa hiyo andika pembeni kwanza, hesabu, kisha bandika. Mpe asiyejua mradi asome. Akishindwa kukueleza kwa sentensi moja nini kitabadilika, rudi Hatua ya 3.

Hatua ya 7: Wasilisha siku mbili kabla

Angalia saa ya mwisho ni ya wapi. Wafadhili huandika saa ya London au Washington, na kwa mtindo wa kizungu: saa 17:00 ni saa kumi na moja jioni kwa kuhesabu kwetu, nayo ni jioni ya kwao. Ibadilishe kwa saa yako na uiandike ukutani. Siku ya mwisho mfumo hulemewa. Faili ziwe za PDF, zenye majina yanayoeleweka na ukubwa unaoruhusiwa. Hifadhi uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya 8: Ukipata, soma mkataba kabla ya kusherehekea

Tafuta mambo matano: tarehe za ripoti, awamu za malipo, kiasi unachoruhusiwa kuhamisha kati ya mistari ya bajeti bila kibali, kanuni za manunuzi, na miaka ya kutunza nyaraka. Matumizi yaliyofanyika kabla ya tarehe ya kuanza kwa kawaida hayarudishwi, kwa hiyo usikopeshe mradi. Kila risiti ipewe namba ya mradi na mstari wa bajeti siku hiyohiyo. Kukusanya risiti za miezi sita wiki ya ripoti ndiko kunakoharibu uhusiano na wafadhili wema.

Mambo yakikwama

*Mmekataliwa bila sababu.* Andika barua fupi ya shukrani ukiomba maoni. Wengine hawatoi, wengine hutoa maoni yanayofaa kuliko mafunzo yoyote. Rudia jedwali la Hatua ya 2 kabla ya kulaumu ubora wa andiko.

*Wanasema mradi ni mzuri ila "nje ya vipaumbele".* Mfuko haukuwa wenu. Usilikarabati andiko; tafuta mfuko mwingine.

*Wametoa chini ya mlichoomba.* Punguza matokeo pamoja na fedha. Nusu ya bajeti na hekta zote 12 ni ahadi itakayokuumbua mwezi wa 24. Pendekeza hekta 5 na mkondo katika sehemu moja, kwa maandishi, kabla ya kusaini.

*Malipo yamechelewa na msimu wa kazi unapita.* Mwandikie mfadhili siku hiyohiyo ukiomba kusogeza ratiba. Kupanda nje ya msimu ili kutimiza kalenda ya mkataba ni kupoteza miche na fedha.

*Mratibu aliyetajwa kwenye andiko ameondoka.* Toa taarifa mara moja na tuma wasifu wa mbadala. Wafadhili wengi huhitaji kuidhinisha wahusika wakuu.

*Miche imekufa, au wanyama wamerudi shambani, na matokeo hayafiki.* Ripoti idadi halisi, eleza chanzo kwa ushahidi wa vipande vyenu, na pendekeza marekebisho pamoja na bajeti yake iliyobaki. Fanya hivyo katika ripoti ya katikati, kabla fedha hazijaisha, maana baada ya hapo hakuna mstari wa kurekebisha.